Kwa Nini Errol Hataki Kwenda Mbele

Sumaku yenye jina la Errol Noske ilikuwa imehamishwa mara tatu ndani ya robo saa, na chai ilikuwa bado haijapoa. Clarrie, mwenye bucha, aliitoa katikati ya ubao wa kupangia timu akaibandika mbele ya goli. Bi Hoffrichter akaitoa mbele ya goli akairudisha katikati. Clarrie akapiga funda moja la chai, akainuka tena.

"Clarrie, kaa chini."

Bi Hoffrichter alimfundisha darasa la tatu, kama alivyowafundisha karibu wote wa Warrabin. Alikuwa amestaafu miaka tisa iliyopita, lakini hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake la kwanza, wala aliyeambiwa naye akae chini akabaki wima. Clarrie akakaa.

Mtu wa tatu chumbani, Murray Petschel, hakugusa sumaku yoyote. Alikuwa kocha wa timu, na kama ilivyo katika klabu ndogo za mashambani mwa Wimmera, kocha alikuwa pia mchezaji, na siku za kazi alikuwa fundi bomba. Alikuwa mfupi, mwepesi, na uwanjani mdomo wake haukuwa na breki. Ila jioni hiyo alikuwa ameshika tama akiitazama ile sumaku.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya hawa watatu kuchagua timu. Upande wa pili wa mlango wachezaji walikuwa wanakunywa supu wakingoja majina yasomwe. Jumamosi wangecheza na Kelgarra, na atakayeshindwa msimu wake ungekuwa umekwisha. Mfungaji wao tegemeo alikuwa nyumbani, mkono umefungwa kifuani, amevunjika mtulinga baada ya kuanguka na pikipiki akikimbiza kondoo. Kwa hiyo mbele ya goli hapakuwa na mtu mrefu, na klabu nzima ilikuwa na mmoja tu aliyepita mita mbili.

Huyo ndiye Errol, na katika mpira wao, unaochezwa kwa mikono na miguu, alikuwa mrukaji. Refa anapoupigiza mpira chini ukadunda juu, yeye ndiye anayeruka na mrefu wa upande wa pili, magoti kwa mbavu, na kuugonga kwa kiganja uwaangukie wenzake. Aliyekuwa akiuokota chini yake kwa miaka kumi na mmoja ni Murray. Ni kazi ya punda, na wanaoishangilia ni wachache.

"Kocha wa msimu uliopita alimwomba mara tatu aende mbele," alisema Clarrie. "Mara zote alimjibu neno moja. Hapana. Mimi nakwambieni jamaa ni mwoga. Mrukaji akikosea, nani anajua? Lakini simama mbele ya goli ukose. Honi za kushangilia hazilii. Magari sitini yamezunguka uwanja, na hakuna hata moja linalopiga honi. Ukimya ule anauogopa."

"Errol haogopi kitu," alisema Murray.

"Basi niambie wewe, kocha. Kwa nini hataki?"

Swali hilo lilimkera Murray kuliko alivyotaka ionekane. Mtu umemjua tangu mkivaa kaptura za shule, umelala kwake, umekuwa msimamizi wa harusi yake, halafu unaulizwa jambo moja juu yake unabaki kukuna kichwa.

Bi Hoffrichter alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mimi kuna kingine kinanitatiza," alisema. "Mwezi wa pili Errol aliacha kuendesha basi la shule. Alisema ni mgongo."

"Ndiyo, mgongo," alisema Clarrie. "Unamsumbua sana."

"Mgongo gani huo, Clarrie, usioweza kukaa kwenye kiti cha basi dakika arobaini, lakini Jumamosi unapigwa magoti mara sitini na Jumapili unaamka?"

Wanaume wawili wakatazamana. Ukweli ni kwamba katika Warrabin yote hakuna mtu aliyewahi kujiuliza. Mji ule una upofu wake wa kienyeji: mwili unaweza kukataa kazi yoyote chini ya jua, ila mpira haukataliwi, na wala hakuna anayeona ajabu. Kuna mtu alishindwa kubeba jeneza la shangazi yake Ijumaa kwa ajili ya bega, Jumamosi akacheza robo zote nne, na waliomzika shangazi walikuwa uzioni wakimshangilia. Kwa hiyo Errol aliposema mgongo, watu walimpa pole, wakamtafuta dereva mwingine, na wiki iliyofuata wakamwona anaruka wakapiga makofi.

"Nipeni mpaka kesho," alisema Murray. "Bi Hoffrichter, ukisoma majina, lake lisome bila nafasi."

"Hilo halijawahi kufanyika hapa."

"Najua."

Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipoomba ruhusa ya kwenda nje, kisha akachukua kalamu.

*

Murray alikwenda kwake akiwa na swali, akala nalo, akalala nalo. Kadiri alivyoligeuza ndivyo mambo mengine yalivyojitokeza, mambo madogo aliyokuwa ameyazoea hata asiyaone.

Kwanza, kila Jumanne na Alhamisi, mazoezi ya kulenga goli yanapoanza, Errol huenda kufungwa bandeji kifundo cha mguu. Kila mara. Kifundo hicho hakikuwahi kuvimba. Pili, Errol alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa pembeni, kichwa kimeinamishwa kidogo, kana kwamba anayezungumza naye hastahili macho mawili. Watu walisema ni kiburi cha warefu. Murray mwenyewe alikuwa amelisema, tena zaidi ya mara moja.

Na tatu ilikuwa mechi ya mwezi wa sita. Murray alikuwa na mafua mabaya, sauti imekauka kabisa, lakini alicheza, nani angekubali kukaa nje? Siku hiyo Errol alishinda karibu kila mruko, na karibu kila mpira aliougonga ulianguka mikononi mwa wapinzani. Walilaumu matope. Murray sasa alikumbuka kwamba kabla ya kila mechi, kwa miaka hii miwili, Errol humwinamia na kumwambia maneno yaleyale: "Ongea, Murray. Usininyamazie."

Yeye alikuwa akifikiri anasifiwa.

*

Ijumaa baada ya kazi aliendesha kilomita kumi na nane hadi shamba la Noske. Kanola, zao la mafuta, ilikuwa imechanua pande zote mbili za barabara, njano tupu mpaka mwisho wa macho. Njiani alikuwa amepanga maneno, lakini alipofika langoni alimwona Errol hatua thelathini hivi ndani, anakaza waya wa uzio, na hapo likamjia wazo ambalo baadaye hakujivunia. Alishuka bila kufunga mlango. Akasimama langoni, akainua mkono juu, na hakusema neno.

Errol aliinua kichwa. Akakiinamisha upande wa kushoto, halafu wa kulia, kama kuku anayetafuta punje.

"Nani hapo?"

Murray aliendelea kuinua mkono. Mbwa alikuja, akamnusa viatu, akatikisa mkia.

"Kama ni bima, nimeshawaambia sitaki," Errol alisema. "Nendeni kwa jirani. Yeye anapenda kuzungumza."

Aibu ilimshika Murray mpaka masikioni. "Ni mimi, bwana."

Errol akaweka koleo mfukoni, polepole. "Umesimama hapo muda gani?"

"Muda wa kutosha."

Hawakusalimiana. Walikwenda wakakaa nyuma ya pikapu ya Errol, miguu inaning'inia, ya mmoja inagusa chini na ya mwingine haigusi. Ingrid, mke wa Errol, alikuwa kazini katika zahanati ya mji, na nyumba ilikuwa kimya.

"Ninaona pembeni vizuri tu," alisema Errol hatimaye. "Nakuona goti. Naona mbwa. Ila nikikutazama usoni, uso haupo. Pana doa. Mpira ukishuka kutoka juu naweza kuukamata nikitazama kando yake. Milingoti ya goli, mita thelathini, siioni. Nyeupe kwenye mawingu meupe. Ningesimama pale mbele ya watu wote kama mjinga."

"Na mipira unayonigongea?"

"Naigonga kwenye mdomo wako. Mdomo wako unasikika mpaka Kelgarra."

Murray alitaka kucheka, ikashindikana. "Tangu lini?"

"Mavuno ya mwaka juzi. Baba yangu alianza hivihivi, akiwa na miaka thelathini na mitano. Alipofika arobaini na moja nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni kanisani. Mimi nina thelathini na nne."

"Daktari anasemaje?"

"Sijaenda."

"Hujaenda?"

"Niende nikaambiwe nini? Akishaandika karatasi yake, leseni imekwenda. Hapa bila leseni wewe ni nani, Murray? Dukani kilomita kumi na nane. Mashine ya kuvunia, lori la ngano, kila kitu. Ningekaa jikoni nisikilize redio. Wacha tuvune kwanza. Mwezi wa kumi na mbili nitakwenda."

Murray alikaa akiwaza, na katika kuwaza akafika mahali palipomfanya ateremke na kusimama mbele ya rafiki yake. "Ulikuwa unambeba Tilly kwenye basi," alisema. Tilly alikuwa binti yake, ana miaka minane.

"Nilimbeba."

"Huoni uso wangu na ulikuwa unambeba mwanangu?"

"Siku moja nilipita kituo cha kina Schirmer bila kumwona mtoto amesimama. Alikuwa amevaa koti la njano, Murray. La njano. Nilirudi nikamchukua, nikawafikisha wote shuleni kwa mwendo wa kutambaa, na mchana uleule nikaenda kusema mgongo. Sijagusa basi tena." Alikuwa anatazama mahali fulani karibu na bega la Murray. "Nimelala macho kwa lile koti. Usidhani sijalala macho."

"Lakini pikapu unaendesha."

"Polepole."

Ilikuwa kweli. Errol alikuwa akiendesha kilomita arobaini kwa saa tangu mwaka jana, na mji mzima ulisema anabana mafuta.

Murray alikasirika, akahurumia, akakasirika tena, yote kwa pumzi moja. Angeweza kwenda polisi jioni hiyohiyo. Angeweza pia kunyamaza mpaka Desemba, kama alivyoombwa, halafu siku moja asikie kuna mtoto kwenye baiskeli. Kila njia aliyoitazama ilimpeleka mahali ambapo mmoja wao asingeweza kumtazama mwenzake tena, na mmoja wao tayari hawezi.

"Ingrid anajua?"

"Anajua mgongo."

"Nisikilize basi. Kesho unacheza katikati. Nitawaambia hivyo na hakuna atakayepata sababu kwangu. Lakini kesho baada ya mechi, kabla jua halijazama, umwambie Ingrid. Yote. Na tangu hapo usiendeshe tena. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na ukinichukia, nichukie."

"Unanipa siku moja."

"Nakupa siku moja zaidi ya ninayopaswa."

Errol alitoa koleo lake mfukoni. Alikaa akiligeuzageuza mikononi, mikono mikubwa, yenye makovu ya waya. "Mimi ningekupa mbili," alisema.

*

Jioni Murray alimpigia Clarrie simu akamwambia mrukaji anabaki mrukaji. Clarrie aliuliza kwa sababu gani. Murray akajibu kwa sababu mimi ndiye kocha, na Clarrie akasema kumbe hata fundi bomba anaweza kuwa mfalme, akakata simu. Bi Hoffrichter aliuliza jambo moja tu.

"Umejua?"

"Nimejua."

"Haya," alisema, na hakuendelea, jambo ambalo kwa mwanamke wa aina yake lilikuwa kama kufunga siku nzima.

Asubuhi ya Jumamosi Murray alikwenda shambani kwa kisingizio cha kuazima jaki, na waliporudi mjini alitangulia mbele ya pikapu kwa mwendo wa jeneza, taa za nyuma zinawaka, akitazama kwenye kioo kuliko alivyotazama barabara. Ingrid alikaa kando ya mumewe na bakuli la saladi mapajani. Kilomita kumi na nane zilimtoa Murray jasho kuliko mechi.

Uwanja ulikuwa umezungukwa na magari tangu saa tano, pua kwenye uzio, kila familia mahali pake palepale pa babu zao. Mawingu yalikuwa yameshuka. Matope yalikuwa meusi na mazito, pai za nyama zilikwisha kabla ya mapumziko, na Kelgarra walikuwa wakubwa kuliko walivyokumbukwa.

"Ongea," alisema Errol kabla ya mpira kudundishwa.

"Leo utaniomba ninyamaze."

Aliongea mechi nzima. Aliongea mpaka refa akamwuliza kama ana mchumba anayemsikiliza nyumbani. Kila Errol aliporuka, Murray alikuwa chini anaita, kushoto, nyuma, hapa hapa hapa, na mpira ulimshukia kifuani kama umetumwa. Sasa alipojua, alistaajabu. Katikati ya watu thelathini na sita wanaoitana na kutukanana, mtu huyu alikuwa akichambua sauti moja na kuupelekea mpira bila kukosea. Hiyo nayo ni akili, aliwaza, na sisi tuliita kiburi.

Lakini mpira ukifika mbele, hapakuwa na wa kuudaka. Mara tisa Warrabin waliupeleka golini, mara tisa beki mkubwa wa Kelgarra akauchukua kama anachuma matunda ya kwake. Katika mapumziko ya robo ya tatu walikuwa nyuma pointi kumi na moja. Clarrie aliruka uzio, na tumbo lake, akaja mpaka kwenye duara la wachezaji.

"Mpeleke mbele," alisema. "Murray, mpira ni wa klabu, si wa kwako na rafiki yako. Mpeleke mbele."

"Anabaki."

Uzioni watu walianza kuidaka ile kauli. Mpeleke mbele. Mwanzo mmoja mmoja, halafu safu nzima upande wa kantini, na mzee fulani akawa anapiga honi kufuata mapigo. Murray alimtazama Errol. Errol alikuwa anatazama matope.

"Watakula nyama yako," alisema Errol.

"Ni ngumu. Watapata shida."

Walipata goli moja, lenye pointi sita. Zikabaki tano, na dakika zikawa zinayeyuka. Mara ya mwisho mpira ulidundishwa si mbali na goli la Kelgarra. Errol aliruka, akaugonga kwenye sauti ya Murray, Murray akauokota, akainua macho. Mbele hapakuwa na mwenzake hata mmoja aliye peke yake. Watu watatu walikuwa wanamjia. Alifanya alichoweza, aliupiga juu, juu kabisa, tumaini tu.

Errol alikuwa amegeuka akikimbilia kulekule, kama warukaji wafanyavyo, kuufuata mpira popote uendako. Ulipoanza kushuka aligeuza uso kando, wote wakafikiri ameuacha, kisha mikono miwili mirefu ikapanda na kuufumbata juu ya kichwa cha yule beki. Akaanguka nao. Hakuuachia.

King'ora kikalia.

Mechi imekwisha, ila aliyeudaka mpira kabla ya king'ora ana haki ya kuupiga. Akiupitisha kati ya milingoti miwili mirefu ni sita, na Warrabin wamevuka. Ukienda pembeni yake au ukigonga mlingoti ni moja, na msimu umekwisha. Mita thelathini, mbele ya goli kabisa. Mtoto angefunga.

Honi zote zilinyamaza. Refa alimwonyesha Errol mahali pa kusimama, na Errol akasimama, mpira mikononi, akaelekeza uso kwenye mawingu. Aligeuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Wachezaji wa Kelgarra walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa goli wakirukaruka na kupunga mikono, kama kila timu ifanyavyo.

Murray alimkaribia, akainuka kwa ncha za vidole na kumnong'oneza sikioni. "Nyoosha pua yako. Kulia kidogo. Hapo. Piga tu, hakuna atakayejua."

Errol alitulia. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Murray aliuona uso wake ukibadilika, ukawa wa mtu anayetua mzigo, ingawa mzigo wenyewe bado ulikuwa mikononi.

"Sema kwa sauti," alisema Errol. "Siwezi kuiona."

"Errol, shusha sauti."

"Siioni milingoti." Hakupaza sauti hata kidogo, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba maneno yalifika mpaka kwenye madirisha ya magari. "Sina tatizo la mgongo. Ni macho. Nenda kasimame katikati uniite."

Murray alikimbia. Alikimbia mpaka mstarini, akajipenyeza kati ya wachezaji wa Kelgarra, akasimama katikati ya milingoti miwili na kuanza kuita, na sauti yake ikamtoka nyembamba mwanzoni, halafu ikakaa sawa. Hapa, Errol. Hapa nilipo. Hapa. Wa Kelgarra wakaanza kupiga kelele kwa mazoea. Kisha yule beki mkubwa akashusha mikono. Alimtazama Errol, akamtazama Murray, akawaambia wenzake, "Nyamazeni." Mmoja mmoja wakashusha mikono yao, wakasimama kama watu waliokuja mazishini bila kujua nani amekufa.

Ikabaki sauti moja uwanjani. Errol akapiga hatua nne, akapiga mpira.

Ulikuja moja kwa moja kwa Murray. Kwa muda Murray aliamini angeweza kuudaka akiwa amesimama palepale. Lakini upepo mdogo uliokuwa ukitoka upande wa kanola uliusukuma, ukasogea, ukasogea tena, ukagonga mlingoti wa kulia. Ulitoa mlio mkavu. Errol aliusikia kabla ya mwamuzi wa goli kuinua kidole kimoja.

Pointi moja. Gari moja la Kelgarra lilipiga honi, likaacha katikati.

Clarrie ndiye aliyefika wa kwanza, viatu vya bucha vimejaa matope. "Na mimi nimekuwa nakuita mwoga," alisema. "Msimu mzima."

"Nimekusikia," alisema Errol. "Masikio yangu ni mazima."

Watu walianza kuvuka uzio. Hawakujua waseme nini, kwa hiyo walimpigapiga mgongoni, kisha wakakumbuka kwamba mgongo hauumi, wakampiga kwa nguvu zaidi. Bi Hoffrichter alimshika mkono, akamwachia. Errol aliwapita wote, Murray kando yake, akielekea kwenye pikapu iliyokuwa uzioni. Ingrid alikuwa amesimama mlangoni mwa pikapu, bakuli tupu la saladi mkononi, na uso wake ulikuwa mweupe.

Errol aliingiza mkono kwenye begi lake la mpira lililokuwa nyuma ya pikapu, akapekua kwa vidole, akatoa funguo. Alizinyoosha mahali alipodhani pana mkono wa mkewe. Palikuwa na kosa la kama shibiri moja, na Ingrid akaziendea.

"Utaendesha wewe," alisema Errol.

"Leo?"

"Leo na siku zote. Na Jumatatu unipeleke Horsham kwa daktari wa macho. Najua atakachosema. Nataka nikisikie nikiwa na wewe."

Ingrid alizifumbata funguo kifuani. "Nimeolewa na mtoto wa baba yako, Errol," alisema. "Nafanya kazi zahanati. Ulidhani nilikuwa naangalia nini, mgongo? Tangu mwezi wa pili nangoja useme." Halafu akalia, waziwazi, bila kujificha, na Errol akamshika kichwa kwa mkono mmoja na kusimama hivyo mbele ya magari sitini.

Alipokwisha kulia aliingia upande wa usukani. Miguu yake haikufika popote. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma mwisho kabisa kwa ajili ya miguu ya Errol tangu siku pikapu iliponunuliwa, na kutu na vumbi la ngano vilikuwa vimekishika hapohapo. Murray alipiga magoti matopeni, akavuta chuma cha kuachia kiti. Kiti hakikutingishika. Clarrie alikwenda akaleta mafuta ya mashine ya kukatia nyama, yule beki wa Kelgarra akaja akaweka bega lake nyuma ya kiti, na wote watatu wakasukuma, huku Ingrid amekaa juu yake ameshika usukani kwa mikono miwili.

Errol alizunguka pikapu kwa kuipapasa, kuanzia taa ya mbele, kioo, mpaka mlango wa abiria, mlango ambao hakuwahi kuufungua kwa ajili yake mwenyewe. Akaingia, akakunja magoti yake marefu, akangoja wamalize.